Alama ya Jicho la Shomari

Paukwa!

Pakawa!

Wa karibu na moto wameitikia kwa sababu wana joto. Wa nyuma hawakusikika. Paukwa!

Pakawa!

Naam. Sasa kaeni, na wewe sogeza ukuni ule, ngano hii haina haraka.

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa na nchi zao, mipaka yao na makarani wao, kulikuwa na vita. Vita hivyo hatutavisimulia, maana vilikuwa virefu na hakuna aliyeshinda. Vilipokwisha, nchi zote zilituma wajumbe uwanjani. Wajumbe wakatazama mifupa iliyolala pale, wakaona haya, wakasema mambo haya yasirudi tena. Wakatwaa ngozi moja, wakaandika juu yake maneno manne kwa chuma cha moto.

Neno la kwanza: asifungwe mtu bila kuambiwa kosa lake.

Neno la pili: asipigwe mtu ili aseme asilolijua.

Neno la tatu: anayefia mbali, wenyewe waambiwe, na wapewe wamzike.

Neno la nne: mito, malisho na mapito vibaki kwa wenyewe kama vilivyokuwa siku hiyo.

Kisha kila mjumbe akaweka alama yake chini ya maneno. Tembo akachovya mguu katika udongo mwekundu, akakanyaga. Simba akaweka ukucha kwa masizi. Kiboko akaweka matope ya mto wake, mengi, mpaka ikabidi yafutwe pembeni. Ikafika zamu ya Shomari Digidigi. Shomari akakanyaga ngozi, hakikuonekana kitu. Akakanyaga mara ya pili, hakikuonekana kitu. Mara ya tatu wajumbe wakaanza kucheka.

"Ruka, bwana mdogo!" akasema Kiboko. "Au uangukie tumbo, labda tutaona vumbi."

Shomari aliinamisha kichwa, akagusisha pembe ya jicho lake kwenye ngozi. Digidigi ana kitu cheusi pale jichoni, kinanata kama ulimbo. Kikabaki kidoa kidogo, si kikubwa kuliko punje ya mtama.

"Hiyo nayo ni alama?" wakamwuliza.

"Ndiyo niliyo nayo," akasema Shomari.

Wakaikubali, maana jua lilikuwa kali na wote walitaka kwenda kula. Ngozi ikawekwa kwa Kiboko, kwa sababu nchi yake ilikuwa katikati ya nchi zote.

Kiboko aliitunza ngozi ile kuliko alivyowatunza wanawe. Aliikunja, akaifunga kwa kamba yenye mafundo saba. Kila Ijumaa ilitolewa nje mbele ya raia wote, ikiwa imefungwa vilevile, ikaoshwa kwa maji ya mto, ikapakwa mafuta, ikafukizwa udi. Raia waliinama. Kisha ikarudishwa ndani. Miaka kumi ilioshwa hivyo, na katika miaka hiyo kumi haikufunguliwa hata mara moja, isije ikachakaa.

Shomari Digidigi alikaa kijiji cha pembeni mwa nchi ile pamoja na mkewe, Bi Mize. Digidigi huoa mmoja na kuishi naye mpaka mwisho, hilo mnalijua. Shomari alikuwa mpole, mwenye pembe moja fupi. Aliivunja siku alipokwenda kumposa Mize, alipojigonga kwenye kizingiti cha mlango wa mkwewe kwa woga. Mkwewe alimwonea huruma, akamkubalia posa.

Ijumaa moja Shomari akasimama katikati ya waliokuwa wameinama, akasema kwa adabu, "Wakubwa, leo badala ya kuiosha, tuisome."

Hakusema zaidi ya hapo. Siku ya pili wakaja nguruwe wawili mlangoni, wakasema, "Bwana Shomari, unahitajiwa mara moja, kuna jambo dogo utusaidie."

Akachukua kofia yake, akaenda.

Bi Mize akamwekea chakula, akakifunika. Asubuhi akakifunua, akakila mwenyewe kisiharibike. Siku ya pili akafanya hivyo. Siku ya tatu akafanya hivyo. Mwezi ulipokwisha, akaenda kwa Shekhe Kobe aliyewaozesha.

"Shekhe, nikae eda au nisikae?"

Shekhe Kobe akarudisha kichwa ndani kwa muda mrefu, akafikiri, akakitoa. "Umeambiwa amekufa?"

"Sikuambiwa."

"Umeambiwa yu hai?"

"Sikuambiwa."

"Mwanangu," akasema Kobe, "siwezi kukuweka eda kwa fununu. Na siwezi kukwambia uendelee kumngoja kwa fununu. Nenda ukaulize."

Bi Mize akaswali rakaa mbili, akafunga kanga yake, akaenda kuuliza.

Alifika kwanza kwenye lango la Kiboko. Langoni alisimama karani wake, Korongo, mwenye upara na koo refu linaloning'inia, amesimama kwa mguu mmoja ili mwingine usichoke.

"Hodi."

"Karibu, bibi. Lakini usiingie."

"Bwana karani, mume wangu yuko wapi? Kama yu hai, niambieni kosa lake. Kama amekufa, niambieni nikae eda."

"Mume wako nani?"

"Shomari Digidigi. Alichukuliwa na nguruwe wawili."

Korongo akatazama angani kana kwamba majina yanakaa huko. "Huyo hatumjui. Hatukumkamata."

"Basi amekufa?"

"Bibi, hatuwezi kusema amekufa, kwa sababu hatukusema tumemkamata. Tukisema amekufa, watu watauliza alifia wapi."

"Na mimi nauliza hilohilo."

"Umeona sasa? Kumbe tunaelewana."

"Nataka kumwona mkubwa."

"Mkubwa yuko mkutanoni."

Nyuma ya lango Kiboko alionekana amelala majini, akipumua. Bi Mize akamtazama. Korongo naye akamtazama.

"Mkutano mrefu," akasema Korongo.

"Kuna neno la tatu kwenye ngozi," akasema Bi Mize. "Waambiwe, wapewe, wamzike."

"Ngozi tunaiheshimu sana, bibi. Hakuna nchi inayoiosha kama sisi. Lakini hilo la tatu silijui. Hapa tunalijua la nne tu, la mto. Mkubwa analipenda. Hulisema mwenyewe kabla ya kulala."

Bi Mize akashukuru, maana alilelewa hivyo, akaondoka. Akasema, nchi hii ina ngozi lakini haina maneno. Nitakwenda kwa wenye maneno.

Akaenda nchi ya Tembo. Nchi ya Tembo ilisifika mbali na karibu kwa kuyatetea maneno manne. Walikuwa na ngoma kubwa kama nyumba, na kila dhuluma iliyotendwa popote, wao waliipigia ngoma. Bi Mize alipofika, walikuwa wakiipigia nchi ya Simba. Akangoja wamalize. Akapokelewa vizuri, akapewa maji, akapewa mkeka. Mbele yake akaketi mama mmoja wa makamo, mjumbe wa nchi ile, aitwaye Bi Zuwena Tembo.

"Dada yangu, pole kwa safari. Sema."

"Mume wangu yuko wapi? Kama yu hai, niambieni kosa lake. Kama amekufa, niambieni nikae eda. Amechukuliwa na Kiboko."

Bi Zuwena akalia. Machozi ya tembo si kidogo, mkeka ulilowa. "Ukatili ulioje! Tutampigia ngoma Kiboko. Tutampigia asubuhi na jioni." Akafuta machozi. "Lakini tungoje kidogo. Msimu huu tunapitisha ndama wetu kwenye kivuko chake. Wakishavuka, tutaipiga. Pengine tutaipiga polepole."

Bi Mize alipoinuka kwenda msalani, nyuma ya ngoma ile akamkuta Nungunungu amefungwa kwenye mti. Miiba yake ilikuwa imeanza kudondoka.

"Umefanya nini, kaka?"

"Sijaambiwa," akasema Nungunungu. "Huu mwaka wa pili nangoja kuambiwa. Chakula si kibaya."

Bi Mize akarudi mkekani. "Dada, nyuma kuna mtu amefungwa bila kuambiwa kosa. Hilo si neno la kwanza?"

"Yule?" akasema Bi Zuwena. "Yule hajafungwa. Yule ni mgeni aliyechelewa kuondoka."

"Ana kamba."

"Ni kwa usalama wake. Na tena, dada yangu, hilo ni jambo la ndani. Ngoma ikipigwa ndani ya nyumba inaumiza masikio."

Bi Mize akashukuru, akaondoka. Akasema, nchi hii ina maneno lakini ni ya kusafirisha nje. Nitakwenda kwa nani sasa?

Akatembea siku tatu, akachoka, akaketi njiani. Mbele yake ukapita mstari wa sisimizi. Kila baada ya kumi, mmoja alikuwa amembeba mwenzake aliyekufa.

"Assalamu alaykum," akasema Bi Mize.

"Waalaykumu ssalamu. Sogeza kwato," akasema mnyapara wao bila kusimama.

"Mnawapeleka wapi hao?"

"Kuzikwa. Kwani wewe wako huwapeleka wapi?"

"Neno la tatu," akasema Bi Mize. "Kumbe nanyi mlikuwepo uwanjani siku ile?"

"Tulikuwepo. Tulikuwa chini ya miguu ya wajumbe. Hakuna aliyetuita tuweke alama. Tembo alipokanyaga ngozi, alikanyaga na shangazi zangu wanne. Tukawabeba, tukawazika, tukarudi kazini."

Bi Mize akaona moyo wake unatulia kwa mara ya kwanza. Akamwona sisimizi mmoja amesimama amsikilize, na hapo hapo wawili wakamsukuma arudi mstarini.

"Na asiyetaka kubeba?" akauliza.

"Asiyetaka nini?"

"Akikataa. Akisema amechoka."

Mnyapara akafikiri kwa hatua kadhaa. "Hilo kwetu halina jina," akasema.

Bi Mize akauliza tena, kwa mara ya tatu, kwa sauti ndogo. "Mume wangu yuko wapi? Kama yu hai, niambieni kosa lake. Kama amekufa, niambieni nikae eda. Ni digidigi, ana pembe moja fupi."

Mstari wote ukasimama, jambo ambalo mstari ule haukuwa umelifanya tangu kuumbwa kwake.

"Ya kushoto?" akauliza mnyapara.

"Ya kushoto."

"Chini ya zizi la Kiboko kuna shimo. Tunapita humo tukienda mtoni. Wamo kumi na mmoja. Mmoja ana pembe fupi ya kushoto. Tungekuletea, mama, lakini ni mkubwa kwetu."

"Inna lillahi wa inna ilayhi raji'un," akasema Bi Mize.

Sisimizi wakaitikia wanavyojua wao, wakaendelea na kazi. Bi Mize akakaa pale mpaka alasiri. Aliyasema mambo mawili, akayarudia. Nimejua. Lakini sijaambiwa. Na shimo lile lilikuwa ndani ya lango la Korongo.

Sasa sikilizeni. Kila mwaka wajumbe wa nchi zote walikutana kwa Kiboko kwa Sikukuu ya Ngozi. Walikula, walikunywa, walicheza, na ngozi ikaoshwa mbele yao ikiwa imefungwa. Siku hiyo lango huwa wazi. Bi Mize akaingia pamoja na wageni, akasimama katikati. Korongo akamwona, akashusha mguu wa pili.

"Bibi wee, si leo!"

"Leo sikuja kuuliza," akasema Bi Mize. Akamgeukia Kiboko, akapiga goti. "Mkubwa, nina ombi dogo. Wageni wametoka mbali. Wasomewe neno la nne, lile la mto, ili wote wajue mto huu ni wa nani."

Kiboko akafumbua macho yote mawili. Hakuna aliyewahi kumwomba jambo zuri namna hiyo.

"Mnamsikia?" akanguruma. "Raia mwema! Fungua, karani! Soma la nne! Soma kwa sauti!"

Mafundo saba yakafunguliwa. Ngozi ikakunjuliwa mbele ya nchi zote. Maneno manne yalikuwepo, meusi, maana yaliandikwa kwa moto. Lakini chini yake palikuwa peupe kama sahani iliyooshwa. Udongo wa Tembo haukuwepo. Masizi ya Simba hayakuwepo. Matope ya Kiboko, mengi yale, hayakuwepo. Ijumaa za miaka kumi zilikuwa zimeyaosha vizuri sana.

Kilibaki kidoa kimoja cheusi, si kikubwa kuliko punje ya mtama.

Bi Zuwena Tembo akasogea, akaangalia, akavaa uso wa mtu anayekumbuka jambo. "Kwa hiyo," akasema taratibu, "hakuna anayeshuhudia kwamba mto huu ni wa Kiboko."

"Mto ni wangu!" akasema Kiboko.

"Kwa ushahidi wa nani? Sisi tembo tulikuwa tukioga hapa zamani sana. Babu yangu alipasifu."

Simba akasema na yeye ana kumbukumbu ya kuoga. Hata Simba!

"Ipo alama moja," akasema Korongo. "Tazameni. Moja ipo. Haikutoka."

"Ya nani?"

Korongo akaiinamia, akainuka. Ndipo Bi Mize akasema, "Ya mume wangu, Shomari Digidigi. Mlimcheka siku ile, nadhani mnakumbuka."

"Basi ndiye shahidi peke yake," akasema Bi Zuwena. "Aitwe. Aseme mto ni wa nani."

"Aitwe!" akanguruma Kiboko. "Mwiteni Shomari haraka!"

Nguruwe wawili wakatazama kwato zao. Korongo alitaka kusema mkubwa yuko mkutanoni, lakini mkubwa alikuwa mbele yake.

"Hayupo," akasema.

"Yuko wapi?"

"Yuko chini ya zizi."

"Anafanya nini chini ya zizi?"

Korongo akatazama angani. Safari hii hakukuwa na jina huko. Akamgeukia Bi Mize, na kwa mara ya kwanza akasimama mbele yake kwa miguu yote miwili.

"Bibi," akasema, "mume wako amefariki. Tulimchukua sisi. Hatukumwambia kosa. Alifariki siku ya nne."

"Asante kwa kuniambia," akasema Bi Mize.

Akavuta kanga usoni. Hakuna aliyecheza ngoma tena siku ile.

Kiboko alikuwa akihesabu tembo waliopo kwa macho. "Mama," akasema, na sauti yake ilikuwa imepungua, "wewe ni mjane wake. Jicho lako lina wino uleule. Weka alama hapa, mara moja tu, kuna jambo dogo utusaidie."

"Nitaweka," akasema Bi Mize. "Kwanza nipeni nimzike."

Wakafukua. Mifupa ilikuwa imechanganyika. Bi Mize akaipata pembe fupi ya kushoto, akaipangusa kwa upindo wa kanga. Mingine hakuweza kuijua ni ya nani.

"Chukua wako, mama, utuachie wengine," akasema mmoja wa nguruwe.

"Wengine wana wenyewe?"

"Hao hatukuwakamata," akasema nguruwe kwa mazoea.

"Basi wote kumi na mmoja ni wangu."

Hakuna aliyekwenda kumsaidia, maana kila mjumbe alikuwa akingoja kuona mwenzake atafanya nini. Waliokuja ni sisimizi. Walikuja kwa mstari wao, wakaibeba mifupa, midogo kwa mmoja mmoja na mikubwa kwa mamia, mpaka kijijini. Shekhe Kobe akawaswalia. Makaburi yakawa kumi na moja. Jina lilikuwa moja tu. Bi Mize akachomeka kijiti kwenye kila kaburi, na kwa sababu hakuwa na jina la kuandika, aliinamisha kichwa, akagusisha pembe ya jicho kwenye ncha ya kijiti. Kijiti cha kwanza, cha pili, cha tatu, mpaka cha kumi na moja.

Kisha akaingia ndani, akakaa eda miezi minne na siku kumi. Miezi minne na siku kumi Kiboko hakutoka majini hata kula mchana, akiulinda mto, ametoa macho na masikio tu. Mpaka leo hivyo ndivyo anavyokaa. Bi Mize alipomaliza, alimkuta Korongo mlangoni na ngozi kwapani.

"Hapa, bibi, kando ya neno la nne."

"Alama huwekwa chini, bwana karani, kwa maneno yote manne. Na haitawekwa kama ngozi itafungwa tena. Kila Ijumaa isomwe, la kwanza mpaka la nne."

"Mkubwa hatapenda."

"Mwambie tembo wameonekana wakipima kina cha mto."

Mkubwa akapenda.

Basi alama ikawekwa, na tangu siku ile, katika nchi ya Kiboko ngozi inasomwa. Neno la nne linasomwa kwa sauti kubwa, na yale matatu kwa sauti ndogo, lakini yanasomwa, na wenye masikio ya kusikia wanayasikia. Mnataka kujua habari za Nungunungu? Nungunungu bado yuko pale pale. Ngoma inapigwa. Na sisimizi, hao bado hawajaitwa kuweka alama.

Ila ukipita porini asubuhi ukamwona digidigi anainamisha kichwa, anagusisha jicho kwenye ncha ya kijiti, asogea, agusa kingine, usimfukuze wala usimcheke. Wengine watakwambia anaweka mpaka wa shamba lake. Yeye anajua wako wengi ambao wenyewe hawajaambiwa, na vijiti ni vingi, na asubuhi ni fupi.

Ngano yangu imefika hapa, imechoka, imeketi. Nami naketi. Mwenye kuzima moto auzime taratibu, kuna sisimizi wanapita.